Bwawa liko chini yetu, mafuriko yanatupata sisi wa juu. Inawezekanaje?

Swali: Mji wetu mdogo uko kando ya mto, kama kilomita tatu juu ya mahali linapoishia ziwa la bwawa la kufua umeme. Wazee wanasema zamani mto ulikuwa ukijaa na kubaki ndani ya kingo zake. Miaka hii mvua ya kawaida tu inatosha kuleta maji mpaka vizingitini katika mitaa ya bondeni. Maji ya bomba, ambayo huvutwa kutoka kwenye ncha ya ziwa hilo, hutoka ya kahawia wakati wa mvua, na kiangazi yananuka. Tulipowauliza wenye bwawa walitujibu kwamba hata ziwa likijaa pomoni, uso wake uko mita tatu chini ya sakafu ya mto hapa mjini, na maji hayapandi mlima. Je, wana hoja?

Jibu: Wana nusu ya hoja. Maji ya ziwa hayajapanda mpaka kwenu, hilo nakubaliana nao. Ila kuna kitu kingine kinachopanda ambacho hawakukitaja, nacho ni sakafu ya mto. Mto hauleti maji matupu. Huleta mchanga, tope na mfinyanzi. Bwawa likiupunguzia mwendo, mzigo huo hutuliwa, kwanza kwenye ncha ya ziwa, kisha rundo hukua kidogo kidogo likirudi nyuma kuelekea kwenu. Sakafu ikiinuka mita moja, maji ya mafuriko nayo huinuka karibu kiasi hicho, hata kama ziwa halijaongezeka hata kidole.

Ukitaka kuona mzigo huo kwa macho yako, teka maji ya mto siku ya mafuriko katika chombo cha kioo chenye kina cha sentimita 30, koroga, kisha weka saa mkononi. Punje ya mchanga yenye upana wa milimita 0.2 hufika chini ndani ya sekunde 15 hivi. Punje ya tope laini ya milimita 0.02 huchukua kama dakika 14. Punje ya mfinyanzi ya milimita 0.002, ikiwa peke yake, inahitaji karibu siku nzima. Kwa punje laini kama za tope na mfinyanzi, upana ukipungua mara kumi, mwendo wa kuzama hupungua mara mia.

Ziwa la bwawa ni chombo hichohicho kilicholazwa bondeni. Mchanga na kokoto huanguka mara tu mto unapoingia ziwani na kulegea, na hapo hujengeka delta, yaani lile rundo la mchanga nililolitaja. Tope laini husafiri kidogo ndipo likatuama. Mfinyanzi unaweza kufika hadi ukutani, mara nyingine kwa mkondo mzito unaotambaa chini ya maji safi bila mtu aliye juu kuuona. Wala haihitaji bwawa kubwa sana. Mtaalamu Gunnar Brune wa Marekani alilinganisha mabwawa mengi mwaka 1953, na mchoro wake tunautumia hadi leo: bwawa linaloweza kuhifadhi sehemu moja tu ya kumi ya maji yanayoingia kwa mwaka hunasa zaidi ya asilimia 80 ya mashapo, yaani huo mzigo wa mchanga, tope na mfinyanzi, na lile linaloweza kuhifadhi maji ya mwaka mzima hunasa zaidi ya asilimia 95.

Sasa tuje kwenye mita tatu zao, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na ningependa uweze kuirudia mbele yao.

Mto unahitaji mteremko ili usukume mchanga. Delta inaposonga mbele ndani ya ziwa, njia ya mto hurefuka bila mto kupata mteremko wa nyongeza, maana uso wa ziwa uko palepale. Mchanga hukwama, sakafu huinuka, mpaka mteremko utoshe tena kuupitisha. Katika mabwawa mengi mgongo wa delta hutulia kwenye mteremko ambao ni kama nusu ya ule wa mto wa asili. Mita tatu kwa kilomita tatu zinaniambia kwamba mto wenu wa asili hushuka mita 1 kwa kila kilomita. Tuseme basi mgongo wa delta unashuka nusu mita kwa kilomita, na delta imesonga kilomita 6 ndani ya ziwa. Anza kwenye paji la delta, pale ilipo sawa na uso wa ziwa, urudi nyuma kilomita 6 hadi ncha ya zamani ya ziwa: sakafu mpya iko mita 3 juu ya uso wa ziwa, mahali ambapo zamani ilikuwa sawa nao. Endelea kilomita 3 zaidi hadi mjini kwenu: sakafu mpya iko mita 4.5 juu ya ziwa, ya zamani ilikuwa mita 3. Mto wenu umeinuka mita moja na nusu, na ziwa halijawagusa. Athari hiyo huisha kilomita 6 juu ya ncha ya zamani, yaani kilomita 3 nyingine kupita mji wenu.

Hizo ni namba za mfano. Mto halisi una kona, vijito na misimu, na ziwa linalopanda na kushuka sana huichanachana delta na kuipanga upya. Lakini sasa unaona kwamba mtu anayekupa kimo cha ziwa peke yake bado hajalijibu swali lako. Kimo kinachotakiwa ni cha sakafu ya mto hapo mjini, cha leo na cha kabla ya bwawa.

Mambo haya yameshatokea, na kwa gharama kubwa. Bwawa la Sanmenxia kwenye mto Huang He nchini China lilianza kujazwa Septemba 1960. Huang Wanli, profesa wa haidrolojia katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, alikuwa ameonya mwaka 1957 kwamba mashapo yangetuama na balaa lingehamia juu, kwenye tawi la mto liitwalo Wei. Hakusikilizwa. Ndani ya miaka michache sakafu ya mto pale Tongguan, zaidi ya kilomita 100 juu ya ukuta, ilikuwa imeinuka zaidi ya mita 4, na hofu ikaenea hadi mji mkubwa wa Xi'an. Uendeshaji wa bwawa ulibadilishwa mwaka 1962, kisha mahandaki yakachimbwa na matundu ya chini yaliyokuwa yamezibwa yakafunguliwa upya. Umeme uliokusudiwa, zaidi ya megawati 1,000, ukashushwa hadi megawati 250 za mitambo midogo. Hata hivyo Mto Wei haukurudi ulivyokuwa. Mwaka 2003 ulipitisha mafuriko ambayo kwa wingi wa maji hayakuwa ya ajabu, lakini pale Huaxian yalifikia kimo cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimewahi kurekodiwa. Maji ya kiasi cha kawaida, kimo cha kuvunja rekodi: kama una la kukumbuka katika jibu hili, liwe hilo, nitalirudia hapa chini.

Huko Marekani, mji mdogo wa Niobrara katika jimbo la Nebraska ulihamishiwa mahali pa juu katika miaka ya 1970. Bwawa la Gavins Point kwenye mto Missouri lilikuwa limekamilika mwaka 1957, mto Niobrara ukaendelea kumwaga mchanga wake kwenye ncha ya ziwa, delta ikakua, na maji ya ardhini yakapanda chini ya nyumba za watu. Hawakuhitaji hata wimbi la mafuriko ili wafukuzwe; maji yaliwatokea kwa chini.

Nami nina kumbukumbu yangu, ndogo zaidi, lakini ndiyo iliyonifundisha. Kwenye kituo kimoja cha kupimia mto, juu ya bwawa, kulikuwa na ubao wenye namba za kusomea kimo cha maji, umesimikwa kwenye kingo tangu zamani. Ilikuwa kiangazi. Maji yalifika kwenye alama ya mita 1.8, na kwa miaka mingi daftari la kituo lilikuwa likionyesha mto wenye kina cha kutosha kiangazi chote. Nilishuka na fito. Iligota mchanga kwenye sentimita 40. Zile mita 1.4 nyingine tulizokuwa tukiziandika kama maji zilikuwa mchanga mtupu, na hakuna aliyekuwa amedanganya; ubao ulikuwa ukisomwa kwa uaminifu kila asubuhi. Tangu siku ile sikiamini kimo cha maji mpaka nijue sakafu iko wapi.

Kuna mambo mawili zaidi kuhusu mafuriko. La kwanza, delta haibaki tupu. Matete na vichaka huota juu yake, hupunguza mwendo wa maji ya mafuriko, na maji yakilegea huacha tope jingine katikati ya mashina. Rundo hujijenga lenyewe. La pili linawagusa moja kwa moja: siku ya mafuriko watu hupiga simu wakiomba milango ya bwawa ifunguliwe, na milango ikifunguliwa wanashangaa mto haupungui mjini. Ni kwa sababu wakati huo kinachozuia maji yenu ni sakafu iliyoinuka, iliyo kati yenu na ziwa. Kushusha ziwa saa chache hakuondoi mchanga huo. Kulishusha kwa wiki kadhaa mwanzoni mwa msimu wa mvua ni jambo jingine kabisa, maana mto hupata mteremko, ukaanza kuichimba delta kutoka upande wa ziwa kurudi nyuma. Hapo ndipo penye mgongano wa kweli wa maslahi, kwa kuwa mwenye mitambo anataka ziwa lijae ili maji yaanguke kutoka juu zaidi, na kila mita anayoishusha ni umeme asioufua. Nauelewa ugumu wake. Sielewi kwa nini gharama hiyo ionekane kubwa ikiwa kwenye umeme, na isionekane kabisa ikiwa kwenye vizingiti vya nyumba zenu.

Upande wa maji ya bomba, maelezo yako yanatosha kunipa picha. Dakio, yaani mdomo wa bomba linalovuta maji, liliwekwa kwenye ncha ya ziwa wakati hapo palikuwa na kina kirefu. Delta imelifikia. Mdomo uliokuwa juu kabisa ya tope leo unavuta maji karibu na sakafu, na kila mafuriko yanapopita hubeba mchanga unaosaga panga za pampu na tope linalojaza chujio. Sehemu kubwa ya mashapo ya mwaka mzima hupita katika siku chache tu za mafuriko, kwa hiyo wastani wa mwezi hauelezi chochote. Ulizeni vipimo vya siku ile mbaya kuliko zote.

Mafundi wa mtambo wenu wa kusafisha maji, bila shaka, huongeza shabu. Ni sawa, ila ina mipaka. Shabu hukusanya punje laini ziwe mabonge yanayozama, lakini ikizidi hufanya maji yawe na asidi, na tope linalobaki kwenye matangi huongezeka. Vichujio huziba haraka, huoshwa mara kwa mara, na kuoshwa kwenyewe kunatumia maji yaliyokwisha kusafishwa. Kipimo cha jana hakifai leo. Siku za mafuriko inabidi mtu asimame na mitungi yake sita, atie kila mmoja kiasi tofauti cha shabu, akoroge, atazame ni upi unaong'aa kwanza, na arudie kazi hiyo kila baada ya saa chache. Jambo hili si la rangi tu. Vijidudu hujificha nyuma ya chembe za tope, klorini isiwafikie. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hushauri uchafu wa tope ushuke chini ya NTU 1 (NTU ni kipimo cha ukungu wa maji) kabla ya kutia klorini, wakati jicho la mtu huanza kuuona ukifika kama NTU 4. Maji yanayoonekana safi kwenye glasi yanaweza kuwa bado hayajafika mahali pa kutiwa dawa. Na yakitoka ya kahawia, chemsheni maji ya kunywa bila kungoja tangazo.

Harufu ya kiangazi ina njia yake. Ziwa likitulia na jua likawaka, maji ya juu hupata joto na kuelea, ya chini hubaki baridi na hayachanganyiki. Majani na mizizi iliyozikwa kwenye tope huoza na kumaliza oksijeni ya chini. Hapo madini ya chuma na manganisi yaliyokuwa yameshikamana na tope huyeyuka majini, na hutoka ile gesi yenye harufu ya yai viza. Bomba linalovuta karibu na sakafu huvuta maji hayohayo. Manganisi ndiyo huacha weusi kwenye matangi na madoa kwenye nguo nyeupe. Kama mnayaona madoa hayo, tayari mna ushahidi nyumbani. Dawa yake ni dakio lenye midomo kadhaa kwa vimo tofauti, ili fundi achague kuvuta juu au katikati kulingana na msimu, au dakio linaloelea. Ikiwa delta imeshapita kabisa mahali lilipo, dakio lihamishwe. Kuchimba tope kuzunguka mdomo wake ni nafuu ya msimu mmoja.

Msisahau maji taka na visima. Mabomba ya maji taka na mitaro ya mvua ilichorwa ikimwaga kwenye mto uliokuwa chini zaidi. Mto ukiinuka, midomo yake huzama, na siku ya mvua kubwa maji hurudi ndani kupitia mitaro ileile. Vali za kuzuia maji yasirudi husaidia kama zinasafishwa. Kokoto moja ikikwama, vali hubaki wazi. Maji ya ardhini nayo yakipanda, mashimo ya vyoo na visima vifupi hukutana kule chini. Hilo lipimeni mapema kuliko yote, kwa sababu halionekani kama tope linavyoonekana.

Nisije nikakutia mkononi hoja itakayovunjika. Si kila mto unaofurika juu ya bwawa umeharibiwa na bwawa. Misitu ya juu ikifyekwa, milima ikilimwa bila makinga maji, au mji ukijenga kwenye bonde la mto na kubana njia chini ya daraja, mafuriko yataongezeka bila bwawa lolote. Namna ya kutofautisha ni ile niliyosema nitaitaja tena. Chukueni mafuriko mawili yenye mtiririko uleule, tuseme mita za ujazo 300 kwa sekunde, moja la zamani na moja la sasa, mlinganishe vimo vyake hapo mjini. Kama kimo ni kilekile na siku hizi mtiririko ndio umekuwa mkubwa zaidi, tatizo liko juu, kwenye mashamba na misitu, au ni mvua yenyewe. Kama mtiririko ni uleule na kimo kimepanda, njia ya mto imebanwa au sakafu imeinuka, na vipimo vya sakafu vitasema ni lipi. Mara nyingi yote mawili yapo, kwa sababu mmomonyoko wa juu ndio unaoilisha delta ya chini.

Kuhusu wenye bwawa, yapo mambo ya kuwadai yanayowezekana. Mashapo yanaweza kupitishwa wakati wa mafuriko ziwa likiwa limeshushwa, au mkondo mzito wa tope ukatolewa kwa milango ya chini kabla haujatuama, au mto wenye tope ukazungushwa kando ya ziwa kwa handaki. Njia hii ya mwisho si ndoto ya vitabuni: bwawa la Nunobiki, linaloupa maji mji wa Kobe nchini Japani, lilijengwa mwaka 1900 na kuchimbiwa handaki la kuzungushia mashapo mwaka 1908, na bado linafanya kazi. Wajapani waliongeza jingine kwenye bwawa la Asahi mwaka 1998. Lakini kusafisha ziwa kwa kufungua milango ya chini kwa ghafla kunawamwagia tope walio chini ya bwawa, ambao nao wana madakio yao. Ratiba ijulikane kwao kabla, na ifanyike mto ukiwa na maji mengi ya kulisukuma.

Mkianza, anzeni darajani. Daraja la zamani hapo mjini lazima lilichorwa, na mchoro wake unaonyesha sakafu ya mto ilivyokuwa lilipojengwa, mita kwa mita kutoka ukingo hadi ukingo. Ombeni nakala ya mchoro huo kwa wahandisi wa barabara. Kisha, kiangazi, maji yakiwa kidogo, simameni juu ya daraja na kamba yenye kipande cha chuma nchani, mshushe kila baada ya mita mbili mpaka chuma kiguse mchanga, mwandike urefu kutoka kwenye ukingo wa daraja. Rudieni pointi zilezile baada ya msimu wa mvua, na mwaka unaofuata. Karatasi mbili zikiwekwa moja juu ya nyingine zitaonyesha kama sakafu imeinuka na kwa kiasi gani, na mkiingia kwenye kikao kijacho na wenye bwawa, wekeni karatasi hizo mezani kabla hawajafungua zile za kimo cha ziwa.